Kushusha na Kupandisha Injini: Hela ya Ufundi Inahesabiwaje?

Peleka gari lile lile kwenye gereji tatu za Dar es Salaam, uliza bei ya kushusha injini na kuirudisha, utatoka na bei tatu ambazo hazijuani. Ya kwanza utatajiwa chini ya mwembe na fundi aliyeinamia gari la mtu mwingine, na wala hataacha alichoshika. Ya pili utapewa na mwenye gereji baada ya kulizunguka gari, kufungua boneti na kukuuliza maswali mawili matatu. Ya tatu itakuja kwenye karatasi yenye nembo na mstari wa VAT chini yake, na inaweza kuwa mara tatu au nne ya ile ya kwanza. Mwenye gari akizilinganisha anaamua haraka: wa kwanza ana huruma, wa tatu mwizi.

Mara nyingi hakuna mwizi hapo. Watu watatu wametaja bei za kazi tatu tofauti ambazo zote zinaitwa jina moja. Wa kwanza amehesabu kufungua na kufunga. Wa pili ameongeza kuhakikisha gari linawaka, halivuji na halichemshi. Wa tatu ameweka na fungu la siku ile kitu kitakapovunjika kazi ikiwa katikati. Kuitoa injini ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Fundi mzoefu kwenye gari analolijua anaweza kuwa nayo nje kabla ya chakula cha mchana. Hela iko kwenye kuirudisha, na kwenye swali la nani atalipa kikiharibika kitu wakati injini iko nje. Ukishika hayo mawili, bei zote tatu zinaanza kusomeka.

Injini imekaa wapi

Uzito wa injini unatisha wateja kuliko unavyotisha mafundi. Land Cruiser yenye 1HZ, dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita kwenye mstari mmoja, ina injini ya chuma ambayo hakuna saidia fundi atakayeitikisa. Lakini imekaa kwa urefu wa gari, boneti ni pana, mkono unapita kila upande, na waya ni chache kwa sababu pampu yake ya dizeli haiendeshwi na kompyuta. Kreni ikiwa imara, uzito haumsumbui mtu.

Toyota IST ni habari nyingine. Injini yake, 2NZ au 1NZ, ni ndogo, ila imekaa kwa upana wa gari pamoja na gia boksi yake, ndani ya nafasi ambayo hata taa ya mkononi inapita kwa shida. Draivu shafti zote mbili zinachomolewa, oili ya gia inamwagwa, na bolti kadhaa zinafikiwa kwa kupapasa tu. Mafundi wengi huona heri watoe injini na gia boksi kwa pamoja, kisha wazitenganishe zikiwa nje. Kwa hiyo anayesema "nashusha injini tu" kwenye gari la aina hii, mara nyingi anashusha na gia boksi, apende asipende.

Noah ya zamani, ile SR40 yenye 3S, na Hiace za daladala zina injini chini ya viti vya mbele. Inatoka kwa chini, maana yake gari ndilo linaloinuliwa. Gereji yenye lifti inalipandisha gari na kuiacha injini juu ya meza ya matairi. Gereji isiyo na lifti inalipandisha kwa jeki na magogo, watu wanne wanashika, mmoja analala chini. Kazi hiyo hiyo, lakini saa ni nyingine, na hatari kwa yule aliyelala chini ni nyingine kabisa. Kuna mtu anailipia hatari hiyo, hata kama haijaandikwa popote.

Halafu kuna Subaru. Silinda za EJ20 zimelala kushoto na kulia, kwa hiyo injini ni fupi na inatoka kwa juu vizuri kuliko watu wanavyodhani. Tabu ni hedi zake, yaani vile vifuniko vinavyoziba ncha za silinda, ambazo zimebanana na chasisi pande zote mbili. Ndiyo maana fundi wa Subaru akiambiwa abadili hedi gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na mwili wa injini, kitu cha kwanza anachofikiria ni kuitoa injini nzima. Mteja akisikia hivyo anahisi anapigwa. Hapigwi. Kufanya kazi ile injini ikiwa ndani kunaweza kula muda uleule, na hedi ikafungwa na fundi asiyeiona vizuri sehemu anayoisafisha.

Kazi iliko

Tuangalie jambo moja kwa karibu, maana ndilo linalotofautisha fundi na fundi: gari la otomatiki, injini inarudi kwenye gia boksi.

Kati ya injini na gia boksi kuna toki konveta, lile boksi la duara linalofanya kazi ambayo kwenye gari la manyuo inafanywa na klachi. Injini inapotolewa, konveta hubaki kwenye gia boksi au husogea kidogo kuja mbele. Kabla ya injini kurudi, inabidi konveta iingie mpaka mwisho. Nayo haiingii kwa kusukumwa tu, kwa sababu ndani yake kuna meno ya shafti zaidi ya moja pamoja na sehemu inayoshika pampu ya oili, na vyote lazima vikutane. Fundi anaizungusha taratibu huku anaisukuma. Inadondoka ndani kidogo. Anazungusha tena, inadondoka tena. Fundi mzuri haridhiki na kuhisi kwa mkono. Anaweka ubapa wa chuma ulionyooka kwenye mdomo wa beli hauzingi, lile ganda la mbele la gia boksi, na kupima kwa rula konveta imezama kiasi gani, halafu analinganisha na kipimo cha gari hilo.

Asiyejua, au mwenye haraka, anaona injini na gia boksi zimeacha uwazi wa kidole hivi. Anachukua bolti ndefu na kuanza kuvuta kwa spana. Uwazi unafungwa, kila kitu kinaonekana kimekaa. Kumbe amekandamiza pampu ya gia boksi, na imepasuka. Gari litawaka vizuri, litaunguruma vizuri, ila ukiweka D halisogei. Gia boksi iliyokuja nzima imeharibikia gereji, na hakuna atakayekubali kwamba ni yeye. Mteja ataambiwa, "Bosi, gia boksi yako ilikuwa imechoka." Imekula kwako.

Hapo katikati pia kuna pini mbili ndogo za kuongozea, ambazo kazi yake ni kuhakikisha injini na gia boksi zinatazamana sawasawa. Ukinunua injini ya mtumba, pini hizo mara nyingi hubaki kwenye injini iliyokufa, nayo iliyokufa inakwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Bila pini bolti zitafunga, gari litatembea, na baada ya muda oili sili ya mbele ya gia boksi itaanza kuvuja bila sababu inayoonekana. Pini ni vipande vya chuma vya ukubwa wa kifundo cha kidole. Kuzikumbuka ndiyo ufundi wenyewe.

Baada ya hapo orodha ni ndefu, na kila kitu kwake ni kidogo: waya wa hasi unaotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi, ambao ukisahauliwa stata inazunguka kwa kulalamika na umeme unatafuta njia pengine, klipu za waya ambazo joto la miaka mingi limezifanya zivunjike zikiguswa, hewa inayobaki kwenye mfumo wa maji na kufanya gari lichemshe siku ya kwanza, hewa kwenye dizeli, mauntingi, vile vishikizo vya injini, zinazokazwa kabla injini haijakaa, halafu gari linatetemeka mpaka kwenye usukani. Na kabla ya kuwasha, injini iliyofanyiwa oveholi, yaani iliyofunguliwa yote na kufanywa upya, inatakiwa izungushwe na stata bila kuwaka, mpaka taa ya oili izime. Ni dakika chache tu. Asiyezitumia anawasha beringi mpya zikiwa hazijapata oili ya kutosha.

AC nayo ina yake. Kompresa inaweza kufunguliwa na kufungwa kwa kamba pembeni bila kukata mipira yake, gesi ikabaki ndani. Fundi mwenye pupa anafungua mpira, gesi yote inatoka kwa mlio mmoja, na mwisho wa kazi unaambiwa utafute mtu wa kujaza gesi. Gharama hiyo haikuwemo kwenye bei ya mwembeni, wala hakuna aliyekutajia.

Kitabu cha saa

Gereji kubwa, hasa za mawakala, hazikadirii kwa macho. Kiwanda kinachotengeneza gari kinatoa muda wa kawaida wa kila kazi: kubadili pampu ya maji saa kadhaa, kutoa na kurudisha injini saa kadhaa. Gereji binafsi za Ulaya na Marekani hununua takwimu hizo kwa kampuni zinazozikusanya, na siku hizi ziko kwenye kompyuta. Muda unazidishwa kwa bei ya saa ya gereji, basi. Tuseme kwa mfano tu kitabu kinasema saa 10 na gereji inatoza shilingi 40,000 kwa saa: ufundi ni 400,000, na VAT ya Tanzania Bara ya asilimia 18 inaufikisha kwenye 472,000. Fundi akimaliza kwa saa 7, unalipa 10. Akihangaika saa 14, bado unalipa 10. Mfumo huu unampa fundi mwepesi faida na unamkinga mteja na fundi mzito.

Lakini kitabu kina masharti yake ya kimya. Kinadhani gari halijaguswa tangu litoke kiwandani, bolti hazijala kutu, lifti ipo, na spana maalumu ziko ukutani. Ondoa sharti moja tu, na zile saa zinaanza kudanganya.

Wanaoujua ukweli huo kuliko wote ni wenye magari ya kujiundia ya Uingereza. Huko kuna utamaduni mkubwa wa mtu kununua gari likiwa vipande na kuliunganisha nyumbani, kwenye banda lake la gari. Caterham Seven ndilo maarufu zaidi. Lilitokana na Lotus Seven ya mwaka 1957, na Caterham walichukua haki za kuliunda mwaka 1973. Zamani kulikuwa na sababu ya kodi: gari zima lilitozwa kodi ya manunuzi, na vipande vya kuunganisha mwenyewe havikutozwa, mpaka VAT ilipoingia mwaka huo huo wa 1973. Magari mengine ya aina hiyo yaliundwa kwa kuchinja gari la kawaida, kwa mfano Ford Sierra, ukachukua injini, gia boksi na vifaa vingine ukavihamishia kwenye chasisi mpya ya mabomba.

Sasa mwenye gari kama hilo akilipeleka gereji na kuuliza bei ya kutoa injini, fundi anaingia kwenye kompyuta na hakuti kitu. Gari halimo. Kwa macho kazi inaonekana rahisi mno: boneti nzima inanyanyuliwa na kuwekwa pembeni, injini iko wazi, hakuna AC, hakuna mabomba ya ziada. Fundi mgeni anaweza kutaja saa chache akajuta. Waya zilifungwa na mtu ambaye hakuacha mchoro. Ekzosi ilichomelewa kwa kukisia na huenda inapita palepale injini inapotakiwa kupita. Bolti za inchi zimechanganyika na za milimita. Na gia boksi huenda inatoka pamoja na injini tu, kwa sababu aliyeunda chasisi hakufikiria siku ya kuitoa. Kwa hiyo gereji yenye akili hutaja bei ya saa na kusema italipwa kwa saa zitakazotumika, au inataja bei moja ya juu ambayo imemeza hofu yake. Mteja anaona ghali, lakini fundi anauza mkataba wa kubeba asichokijua.

Nimezunguka mpaka Uingereza kwa sababu moja. Noah ya miaka ishirini na kitu iliyopita mikononi mwa mafundi kumi hapa kwetu imekwisha kuwa gari la kujiundia. Themostati ilitolewa zamani kwa sababu fundi fulani aliamini ndiyo inayochemsha gari. Feni imeungwa moja kwa moja na betri kwa swichi chini ya dashibodi. Bolti tatu za beli hauzingi hazipo, na ya nne ni ya gari jingine. Waya wa senza umekatwa na kuungwa kwa selotepu. Kitabu cha saa cha Toyota hakilijui gari hili tena, ingawa jina lake bado limo. Gereji ya wakala ikikupigia hesabu ya kitabu halafu ikaongeza "gharama nyingine zitakazojitokeza", inachosema kwa adabu ni hicho. Fundi wa mwembeni anakijua bila kitabu, maana huenda ni yeye aliyekata ule waya.

Bolti ikikatika

Sasa tuje kwenye lile fungu la hatari. Injini iliyochemsha mara nyingi ina bolti ambazo zimeshikana na mahali pake. Za ekzosi ndizo sugu: ukizilazimisha zinakatika, shina linabaki ndani ya hedi, na kazi ya nusu saa inageuka kuwa safari ya kwenda kwa mtu wa mashine akatoboe. Kwenye injini za alumini adui ni nyuzi, ile mikato ya ndani ya tundu ambayo bolti inajifunga humo. 2AZ, injini ya lita 2.4 iliyomo kwenye Alphard, Harrier na baadhi ya RAV4, inajulikana kwa nyuzi za bolti za hedi kuchomoka zenyewe kwenye bloku, yaani mwili wa injini. Fundi anakaza hedi, bolti inazunguka bila kushika. Dawa ipo, ni kutoboa na kuweka nyuzi mpya za chuma, ila ni kazi ya ziada yenye bei yake, na matundu yaliyo upande wa ndani hayafikiki kwa unyoofu mpaka injini itoke.

Nani analipa? Hapo ndipo ugomvi wa gereji unapozaliwa, na kwa maoni yangu karibu wote ungezuilika kwa maneno machache yaliyosemwa kabla. Bolti iliyooza ilikuwa ya mteja. Ni haki ailipie. Klipu iliyovunjwa kwa bisibisi ni ya fundi. Gia boksi iliyopasuliwa pampu ni ya fundi, bila mjadala. Tabu ni kuthibitisha, na wa mwembeni hata ukithibitisha hana cha kukulipa. Bei yake ya chini imepatikana kwa kukurudishia hatari yote wewe. Si lazima iwe mbaya: kwenye gari rahisi, kwa fundi ambaye umemjua miaka, ni biashara nzuri. Ila ujue ulichonunua.

Njia ya pili ya kushusha bei ya ufundi ni cha juu. Fundi anakubali hela ndogo ya kazi, halafu anakwenda mwenyewe Gerezani, mtaa wa vipuri wa Dar es Salaam, kununua gasketi, oili sili, mauntingi na oili, na kwenye kila kimoja anaongeza chake, wakati mwingine na muuzaji naye akimtoa kidogo kwa kumletea mteja. Nairobi mchezo ni huohuo Kirinyaga Road, na Kampala ni Kisekka. Sioni ajabu mtu kulipwa kwa kutafuta kifaa sahihi, maana kukijua nacho ni ufundi. Lakini ukilinganisha hela ya ufundi peke yake kati ya gereji inayokuachia ununue vifaa mwenyewe na ile inayonunua yenyewe, unalinganisha vitu visivyofanana. Linganisha jumla ya mwisho, vifaa ndani.

Injini ya mtumba na dhamana yenye tundu

Watu wengi wanaoshusha injini siku hizi hawairudishi ileile. Oveholi kamili yenye pistoni, ringi, beringi, kuchonga krenki (shafti kuu ya injini) na kusaga hedi inaweza kuzidi bei ya injini iliyotumika kutoka Japani au ile iliyopitia Dubai na Sharjah. Muuzaji anakupa dhamana ya mdomo au ya risiti: wiki, wiki mbili, ikiwa mbovu rudisha nikupe nyingine.

Soma vizuri hapo. Atakupa injini nyingine. Hakusema atalipa ufundi. Injini mbovu ikishapandishwa, kuitambua kunataka iwake. Ikishawaka na kutoa moshi, kuirudisha dukani kunataka ishushwe. Umelipa kupandisha, utalipa kushusha, utalipa kupandisha tena, na dukani watasema wametimiza ahadi. Kwa hiyo ufundi wa bei kubwa kidogo unaojumuisha kuipima injini ikiwa bado chini unaweza kuwa ndio rahisi. Mambo ya kupima yapo: kufungua kifuniko cha oili na kutazama kama kuna ukoko mweusi au maji yaliyochanganyika na oili, kuzungusha krenki kwa spana, kupima mgandamizo wa kila silinda kwa kuzungusha na stata ikiwa gia boksi imekuja nayo. Na oili sili ya nyuma ya krenki, ile inayokaa nyuma ya flaiwili, ibadilishwe hapohapo hata kama haivuji. Ni mpira wa bei ndogo. Ukivuja baadaye, kuufikia ni kazi hii nzima upya.

Kanuni hiyo inahusu vitu vingine pia: klachi na beringi yake kwa magari ya manyuo, mauntingi zilizochoka, mipira ya maji iliyo nyuma ya injini, pampu ya maji kwa injini ambazo inafikiwa kwa tabu. Fundi akikuambia, "kwa kuwa injini ishashuka, tubadili na hivi", usimshuku moja kwa moja. Muulize swali moja tu: kifaa hiki kikifa mwezi ujao, kukibadilisha kutataka injini itoke tena? Kama ndiyo, nunua. Kama ni kitu kinachofikiwa kwa boneti tu, kama plagi au alternata kwenye magari mengi, kinaweza kusubiri mshahara.

Injini ya aina tofauti na iliyokuwepo ni ulimwengu mwingine. Kutoa D-4, injini ya Toyota yenye sindano za petroli za ndani ya silinda, na kuweka injini ya kawaida, jambo linalofanywa sana na waliochoka nayo, kunahitaji kontrol boksi yake, waya zake, pengine tangi lipewe pampu nyingine, na gari lenye ufunguo wa kompyuta likubali ufunguo huo. Bei ya "kushusha na kupandisha" haihusiki tena. Hiyo ni kazi ya fundi umeme, na inalipwa kwake.

Namna ya kuomba bei

Anza kwa kutaja kazi kwa ukamilifu, kwa mdomo na kwa ujumbe wa WhatsApp ili ibaki: kutoa injini, kubadili kitu fulani, kurudisha, kujaza oili na kulanti, kutoa hewa, kuwasha, kujaribu barabarani, na kurudi kukaguliwa baada ya siku kadhaa. Halafu uliza yaliyomo: gesi ya AC imo? Usafiri wa kupeleka hedi kwa mtu wa mashine umo? Kupima kwa kompyuta na kufuta taa ya injini kumo? Kreni ni yenu au mnakodi, na nani analipia ikilala siku tatu kwa sababu kifaa hakijapatikana? Swali la mwisho ndilo linalozaa maneno mengi, kwa kuwa gari lililofunguliwa linaziba nafasi, na gereji ndogo yenye nafasi za magari manne inakosa riziki likikaa wiki.

Uliza pia kama wana toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza. Sioni haja ya kulifanya mtihani. Jibu lenyewe linatosha. Fundi anayesema mkono wake unajua anaweza kuwa sahihi kwenye bolti za mauntingi. Kwenye hedi ya alumini sitamwachia.

Malipo yaende kwa hatua: kianzio cha kufungua, sehemu nyingine vifaa vikishafika na vikaonekana, na kilichobaki gari likishatembea likiwa na joto na kurudi bila kuvuja. Kulipa yote mwanzoni kunamfanya fundi aanze na gari la mtu mwingine kesho asubuhi. Kung'ang'ania kutolipa chochote mpaka mwisho nako kunamfanya atafute hela ya chai kwenye vifaa vyako. Pigeni picha sehemu ya injini kabla haijafunguliwa, pande zote, pamoja na waya zilivyopita. Fundi mwenye busara atafurahi, kwa sababu zitamsaidia na yeye wakati wa kufunga, hasa kama aliyefungua siye anayefunga.

Kama injini imebadilishwa, kuna kazi moja ya karatasi ambayo gereji haitakufanyia. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo mabadiliko yanatakiwa yafike TRA kwa Tanzania, na kwa Kenya ni NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama. Dai risiti na vielelezo vya injini kwa muuzaji siku unayoinunua, maana kurudi baada ya miezi mitatu kuomba karatasi ya injini ambayo haikumbukwi tena ni kujitafutia kazi. Namba yenyewe imegongwa kwenye bloku, na kwenye injini nyingi inaishia mahali ambapo pakishafungwa manifoldi na gia boksi hapaonekani bila kioo na tochi. Isafishwe kwa brashi ya waya na kupigwa picha kabla injini haijaingia ndani.